Theluji ya Kilimanjaro kwa Safari ya Siku Moja: Mlaji Ajue Anachonunua

Mkazi wa Ngombezi anaiona safu ya Usambara ikiwa karibu naye kila siku, lakini milima hiyo haina theluji. Anayetaka kuiona theluji bila kuvuka mpaka wa nchi hana budi kuifuata barabara kuu kupitia Mombo, Same na Himo hadi Marangu, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Safari ya namna hii mara nyingi hulipiwa kwa fedha zilizochangwa kidogo kidogo na familia, shule au kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa sababu hiyo ni muhimu mlaji afahamu, kabla ya kutoa malipo ya awali, kwamba theluji ya Kilimanjaro ina majira yake na saa zake, na kwamba kuiona si sawa na kuifikia.

Tuanze na urefu, maana hapo ndipo mlaji hupotoshwa kwa urahisi zaidi. Lango la Marangu liko karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha Mandara kiko mita 2,720, Horombo mita 3,720, nyumba za Kibo takribani mita 4,700, na kilele cha Uhuru mita 5,895. Theluji kwa kawaida hulala juu ya mita 5,000. Ikianguka chini ya hapo usiku, mara nyingi huyeyuka kabla ya adhuhuri. Mgeni wa siku moja hutembea kilomita 8 za msitu kufika Mandara, kwa muda wa saa tatu hivi, na mwenye nguvu huongeza mwendo mfupi hadi ukingo wa kreta ya Maundi. Hapo ndipo safari yake inapoishia, na hapo hakuna theluji. Wanaofika Uhuru kwa njia hii hutumia siku tano au sita. Hatua ya mwisho huianza kwenye saa sita usiku, wakati changarawe na theluji zimegandishwa na baridi na hazitelezi ovyo chini ya mguu, ili waanze kushuka kabla jua halijalainisha ardhi na mawingu hayajapanda.

Kwa hiyo tangazo lolote linaloahidi kwamba abiria atagusa theluji na kurudi langoni jioni ya siku hiyo hiyo linaahidi jambo lisilowezekana. Tena si jambo la fedha peke yake. Mwili unaopandishwa haraka kutoka nchi tambarare hadi mita 4,000 na zaidi unaweza kushikwa na ugonjwa wa mwinuko, ambao huanza na kuumwa kichwa na kichefuchefu na unaweza kuua. Wakala anayekubali kuwaharakisha wateja wake ili waridhike ni wa kuepukwa, hata kama bei yake ni nafuu.

Linabaki swali la kuiona. Wengi hushauriwa kusafiri Januari na Februari, au kuanzia Juni hadi Oktoba. Ushauri huo ni sahihi kwa njia, ambayo wakati huo huwa kavu, lakini hauelezi habari za theluji. Mlima huwa mweupe zaidi baada ya mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwishoni mwa mwaka ndiyo huleta theluji mpya juu ya Kibo. Kiangazi kikiendelea, jua kali la Ikweta na upepo mkavu huimaliza, na kinachobaki ni mabaki ya barafu ya kale. Mabaki hayo nayo yamepungua mno: mwaka 1912 barafu ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12, na kufikia mwaka 2000 zilibaki chini ya 3. Mwenye picha ya kalenda ya zamani mawazoni asishangae Septemba akikuta mlima wa kijivu wenye viraka vyeupe. Kwa maoni yetu, wiki za kwanza za Juni, na Januari baada ya vuli kwisha, humpa mgeni wa siku moja nafasi nzuri zaidi ya kupata njia inayopitika pamoja na kilele cheupe. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hupatikana bila malipo na unafaa kusikilizwa wiki ya safari.

Saa ya siku ina uzito kuliko hata mwezi. Alfajiri Kibo huonekana wazi kutoka Marangu na Moshi. Kadiri jua linavyopanda, unyevu wa msitu hugeuka mawingu, na mara nyingi kufikia saa nne asubuhi mlima umefichika. Sasa piga hesabu. Basi linaloondoka Ngombezi saa kumi na moja alfajiri haliwezi kutazamiwa kufika Marangu kabla ya saa tatu au saa nne. Abiria wake wataingia msituni mlima ukiwa umekwisha kujifunika, na watafika Maundi mchana wakitegemea bahati. Anayelala Himo, Moshi au Marangu usiku uliotangulia ataiona theluji saa kumi na mbili asubuhi kabla hata ya kulipa kiingilio, kisha ataufurahia msitu kwa ajili ya msitu wenyewe. Gharama ya usiku huo iingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Kabla ya kulipa, taka hati iandikwe mahali mtakapofika kwa jina lake, saa ya kuingia langoni, na iwapo kiingilio cha hifadhi, mwongoza watalii mwenye leseni na chakula vimo katika bei. Iandikwe pia itakavyokuwa iwapo mvua italazimisha tarehe kubadilishwa. Wakala hawezi kudhamini mawingu, na mlaji hana haki ya kudai fedha kwa sababu tu Kibo hakikuonekana. Lakini ana haki ya kufikishwa mahali palipoandikwa, kwa saa iliyoandikwa. Hakiki leseni ya wakala, inayotolewa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na udai risiti ya kielektroniki. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, hivyo beba kitambulisho cha Taifa na uulize ni kiwango gani kimetumika katika bei uliyotajiwa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha. Ukiona umedanganywa, mwandikie kwanza wakala malalamiko yako na utunze nakala. Asiporidhisha, yawasilishe Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na tangazo lenyewe, risiti, ujumbe wa simu mliotumiana na majina ya wasafiri wenzako walio tayari kueleza walichokiona. Tangazo la kwenye simu lihifadhiwe siku ile ile unapolipa, kwa kuwa huweza kufutwa kabla hamjarudi Korogwe.