Tochi kali ya kulinda shamba: usidanganywe na namba iliyoandikwa kwenye betri

Leo siongelei mbolea wala viwavijeshi, naongelea betri za kuchaji. Najua kuna mtu atauliza bwana shamba ameingiaje kwenye mambo ya umeme. Mwenye shamba linalopakana na hifadhi hawezi kuuliza hivyo. Yeye anajua mahindi yakishabeba, usiku mmoja wa giza unatosha kufuta kazi ya miezi minne.

Msimu uliopita nililala kwenye dungu la mzee mmoja katika kijiji kinachopakana na Mikumi. Alikuwa na tochi ya maana, aliyotengenezewa na fundi: bomba la aluminiamu, taa ya LED ya wati 10, kioo kinachotupa mwanga mbali. Saa nane usiku tembo watano wakaja. Alipowamulika, wale wawili wa mbele wakasimama, wakaanza kutingisha masikio. Tukasema leo wamepata dawa. Hazikupita dakika nyingi mwanga ukafifia, ukawa kama wa kibatari, kisha ukazima kabisa. Tukabaki juu ya dungu tunagonga madebe gizani. Sisi tulipona. Robo eka ya mahindi haikupona.

Asubuhi nikamwomba anionyeshe betri. Imeandikwa 9900 mAh, kwa maandishi makubwa. "Bwana shamba," akaniambia, "hii ndiyo yenye namba kubwa kuliko zote pale dukani." Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Tulienda naye kwa muuza viungo mwenye mizani ndogo ya kielektroniki, tukaipima. Gramu 31.

Sasa nieleze kwa nini hizo gramu zilinitosha. Betri zinazotumika kwenye tochi hizi ni za lithiamu, na nyingi ni za saizi inayoitwa 18650. Maana yake ni upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Umeme unakaa kwenye vitu vilivyojazwa mle ndani, na vitu hivyo vina uzito. Betri ya kweli ya saizi hii ina uzito wa gramu 45 hadi 50 hivi, na hata zile nzuri kabisa ujazo wake unaishia kama 3500 au 3600 mAh. Kwa hiyo ukiona 18650 imeandikwa 6800, 9900 au 12000, usibishane na muuzaji, irudishe tu mezani. Kuna saizi kubwa zaidi, 21700, yenye gramu kama 70. Hiyo 5000 mAh ni ya kweli, ila haingii kwenye bomba la 18650, kwa hiyo muulize fundi kabla hajakata bomba.

Hesabu ya muda ni rahisi. Betri ya 3000 mAh ina volti 3.6 za kawaida, na ukizidisha unapata kama wati 11 kwa saa moja. Taa ya wati 10 itawaka kwa nguvu zote muda wa saa moja hivi, basi. Hakuna tochi kali ya betri moja inayowaka usiku kucha kwa mwanga wa juu, anayekuambia ipo anakuuzia maneno. Mlinzi mzuri anakaa na mwanga mdogo au anazima kabisa, ule mkali anautunza kwa ajili ya mgeni.

Kuna jambo la pili ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Wewe mwenye umwagiliaji utalielewa haraka. Zile mAh ni ukubwa wa tangi. Lakini tangi kubwa lenye bomba jembamba halifikishi maji ya kutosha shambani. Upana wa bomba la betri ni ampea, yaani umeme inaoweza kuutoa kwa wakati mmoja bila kuchemka. Tochi ya wati 10 inavuta kama ampea 3, na betri nyingi nzima zinaziweza. Ila siku hizi vijana wanaagiza tochi za LED nne zinazofika wati 40. Hiyo inavuta ampea 11 na zaidi. Ukiiwekea betri ya tangi kubwa na bomba jembamba, volti zinashuka ghafla, mwanga unapungua na betri inapata moto. Kwa tochi kama hiyo ni afadhali betri yenye mAh chache lakini ampea nyingi. Mfano ni Samsung 25R, ambayo ni 2500 mAh tu lakini inatoa ampea 20, au 30Q yenye 3000 mAh na ampea 15. Angalizo: hata majina haya yanaigwa, kwa hiyo mizani haiachwi nyumbani.

Zile betri zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu je? Nyingi ni 18650 halisi na bei yake ni ya kirafiki. Kwa tochi ya wati 10 sizikatai, kwa ya wati 40 nazikataa. Chaji hadi volti 4.2, iache hadi kesho yake, kisha ipime kwa mita ya fundi. Ikiwa imeshuka hadi 4.0 bila kutumika, hiyo imechoka. Na ambayo umeikuta chini ya volti 2 usijaribu kuifufua, inaweza kuwaka moto wakati wa kuchaji.

Kuhusu moto siongei kwa utani. Nimekuta mkulima amefunga betri ya lithiamu moja kwa moja kwenye paneli ya sola. Paneli ndogo ya kawaida ya mfumo wa volti 12 inaweza kutoa volti karibu 20 juani, betri inataka 4.2 na isizidi. Nunua chaja ya lithiamu inayojikata yenyewe, uichomeke kwenye sehemu ya kuchajia simu ya mfumo wako wa sola. Chajia juu ya sakafu au sahani ya bati, mbali na godoro, na uwe macho. Tochi ikitumia betri mbili kwa mpangilio wa kufuatana, ziwe za aina moja, umri mmoja, na zichajiwe pamoja. Karatasi ya plastiki ya nje ikichanika usiitumie mpaka ivishwe nyingine, kwa sababu mwili wote wa ile betri ni hasi, na chanya iko hapo hapo jirani. Ukiiweka mfukoni pamoja na funguo au sarafu, utajua mwenyewe.

Kama hujui fundi wako ameweka kifaa cha kukata umeme betri inapokaribia kuisha, chukua betri yenye ulinzi wake wa ndani. Inazidi urefu kwa milimita chache, kwa hiyo ijaribu kwenye tochi kabla ya kulipa. Na ukifika nyumbani chaji ijae, washa mwanga wa juu, hesabu dakika. Afadhali izime ukiwa sebuleni.

Mavuno yakiisha, usiihifadhi ikiwa imejaa wala imekauka. Iache karibu nusu, volti 3.7 hivi, mahali pa baridi, si juu ya dari chini ya bati.

Tembo mwenyewe usimfuate, hata ukiwa na tochi ya wati 100. Mmulike ukiwa mbali na piga simu kwa askari wa wanyamapori mapema. Yule mzee msimu huu ana betri mbili za gramu 46. Moja iko kwenye tochi, nyingine kwenye kikopo cha plastiki anachokitundika pale kwenye dungu.