Mji Uliozimwa: Kufungwa kwa Mchezo wa City of Heroes na Suala la Uhifadhi wa Fasihi

Utangulizi

Suala la uhifadhi wa fasihi simulizi limewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu, na aghalabu jibu linalotolewa ni moja: ikusanywe, inukuliwe, itiwe katika maandishi au kanda. Jibu hili limejengwa juu ya dhana kwamba kinachokufa fanani anapokufa ni maneno yake, na kwamba maneno yakishaandikwa kazi imeokoka. Makala haya yananuia kuipima dhana hiyo kwa mfano ambao huenda msomaji wa fasihi ya Kiswahili asiutarajie, yaani kufungwa kwa mchezo wa kompyuta wa City of Heroes mwaka 2012 na yaliyoipata jumuiya ya wachezaji wake baada ya hapo.

Sababu ya kuuteua mfano huu ni kwamba jumuiya hiyo iliupoteza ulingo wake kwa siku moja, kisha ikaurejesha kipande kimoja baada ya kingine kwa muda wa miaka kadhaa. Katika kila hatua, mtafiti anaweza kuona ni nini kilichorejea na ni nini kilichokuwa bado kinakosekana. Nafasi ya namna hiyo haipatikani kwa urahisi katika utafiti wa fasihi simulizi, ambako ngoma ikinyamaza huwa imenyamaza.

Kuhusu kiunzi cha uchambuzi, makala haya yanauchukua mtazamo wa M. M. Mulokozi katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, yaliyochapishwa katika jarida la Mulika. Kwa mujibu wa Mulokozi, fasihi simulizi hutawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, fasihi yenyewe inayotungwa, hadhira, tukio, mahali na wakati. Mambo haya sita ndiyo yatakayotumiwa kama mizani.

Mchezo na Jumuiya Yake

City of Heroes ulizinduliwa nchini Marekani mwezi Aprili 2004. Uliundwa na kampuni ya Cryptic Studios na kusambazwa na NCSoft, kampuni ya Korea Kusini ambayo baadaye, mwaka 2007, iliununua mchezo huo kikamilifu. Mchezaji aliingia kwa njia ya intaneti katika mji wa kubuni ulioitwa Paragon City, akamuunda shujaa wake mwenye nguvu zisizo za kawaida, kisha akashirikiana na wachezaji wengine kuulinda mji dhidi ya wahalifu. Mwaka 2005 ulifuatiwa na City of Villains, ambamo mchezaji aliweza kuwa mhalifu mwenyewe.

Wapo watakaouliza mchezo wa namna hii unahusiana vipi na fasihi. Jibu ni kwamba makala haya hayadai kuwa kila mchezo wa kompyuta ni fasihi. Kinachodaiwa ni kwamba ndani ya mchezo huu wachezaji walitunga. Kila mhusika alikuwa na nafasi ya wasifu, ambamo mchezaji aliandika chimbuko la shujaa wake: alizaliwa wapi, alipataje nguvu zake, ana deni gani na ulimwengu. Wasifu huo ulisomwa na yeyote aliyekutana na mhusika huyo njiani. Waliokuwa katika seva iliyoitwa Virtue walijulikana hasa kwa kuigiza: walizungumza kwa sauti za wahusika wao na kuendeleza visa vilivyodumu kwa miezi. Isitoshe, mwaka 2009 kilianzishwa chombo kilichoitwa Mission Architect, kilichomwezesha mchezaji kubuni kisa kizima, pamoja na wahusika na maneno yao. Wachezaji wengine walikipitia kisa hicho kwa kukicheza, kisha wakakipa alama.

Ni dhahiri basi kwamba mpaka kati ya fanani na hadhira ulikuwa mwembamba, kama ulivyo katika ngano ambayo hadhira hupokea kiitikio, au katika malumbano ya vitendawili ambayo mtegaji wa sasa ndiye mteguaji wa baadaye.

Swali la Umiliki

Hata kabla ya kufungwa, swali la nani mwenye kazi hizi lilikuwa limezuka. Novemba 2004, kampuni ya Marvel iliwashtaki waundaji na wasambazaji wa mchezo huu mahakamani huko Marekani, ikidai kwamba uliwawezesha wachezaji kuunda wahusika wanaofanana na wake, kama vile Hulk na Wolverine. Kesi hiyo ilimalizwa kwa maafikiano mwezi Desemba 2005.

Jambo la kuzingatia hapa ni nani aliyeshtakiwa. Wahusika waliolalamikiwa waliundwa na wachezaji, lakini walioitwa mahakamani ni wenye seva. Mchezaji alikuwa fanani asiye na ulingo: alitunga, lakini alitungia katika nyumba ya mtu. Hali hiyo haikuonekana kuwa na uzito maadamu mlango ulikuwa wazi.

Kuzimwa kwa Mji

Tarehe 31 Agosti 2012, NCSoft ilitangaza kwamba inaifunga Paragon Studios, studio ya California iliyokuwa ikiuendeleza mchezo huo, na kwamba mchezo wenyewe ungezimwa. Jumuiya haikukubali kimya kimya. Ombi la kuutaka mchezo uendelee lilitiwa saini zaidi ya 20,000. Miongoni mwa waliojitokeza kuutetea alikuwamo mwandishi wa riwaya Mercedes Lackey, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji.

Mnamo Septemba, wachezaji walikusanya wahusika wao katika eneo la Atlas Park, mbele ya sanamu ya Atlas aliyebeba dunia mabegani, wakasimama wakiwa wameshika mienge. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kulitazama tukio hilo bila kuikumbuka miviga. Palikuwapo mahali maalumu, maleba, kitendo kilichofanywa na wote kwa pamoja, na badiliko la hali lililokuwa likikaribia. Tofauti ni kwamba miviga ya matanga hufanywa baada ya mauti, ilhali hii ilifanywa na wale waliokuwa bado wanatumaini kuyazuia.

Hawakufanikiwa. Tarehe 30 Novemba 2012 seva zilizimwa. Wachezaji waliokuwamo hadi dakika ya mwisho waliona tu kwamba mawasiliano yamekatika.

Urejeshaji kwa Awamu

Lililofuata ndilo lenye uzito zaidi kwa mada hii. Mashabiki waliojikusanya chini ya jina la Titan Network walikuwa wakiitunza Paragon Wiki, ensaiklopidia kubwa ya mchezo huo. Aidha, kabla ya siku ya mwisho walisambaza programu iliyoitwa Titan Sentinel, ambayo ilimwezesha mchezaji kunakili taarifa za mhusika wake na kuzihifadhi katika kompyuta yake mwenyewe. Hivyo, mji ulipozimwa, sehemu kubwa ya matini ilikuwa salama. Kwa kipimo cha wahifadhi wengi, kazi ilikuwa imekamilika.

Wachezaji wenyewe hawakuona hivyo. Hatua iliyofuata ilikuwa programu ya Icon, iliyomwezesha mtu kuingia tena katika mitaa ya Paragon City akiwa na mhusika wake, bila kuhitaji seva ya kampuni. Majengo yalikuwapo, na sanamu ya Atlas ilikuwapo. Lakini aliyeingia aliingia peke yake. Aliweza kuruka juu ya paa za mji mzima asikutane na mtu wa kumsalimu, wala wa kuusoma wasifu wake. Mahali palikuwa pamerejea bila hadhira.

Mwaka 2015 ilitolewa programu nyingine, Paragon Chat. Safari hii wachezaji waliweza kuonana na kuzungumza ndani ya mji huo. Hapakuwa na adui wa kupigana naye wala kisa cha kupitia. Kulikuwa na mazungumzo tu. Hadhira ilikuwa imerejea pale mahali, lakini tukio lililowakutanisha awali lilikuwa bado halipo. Walifanana na watu waliofika uwanjani baada ya ngoma kuondolewa, wakabaki kukumbushana midundo.

Tukio lenyewe lilirejea mwaka 2019, msimbo wa programu ya seva ulipowekwa wazi na seva za mashabiki zikafunguliwa, iliyojulikana zaidi ikiwa Homecoming. Wengi waliwaunda upya wahusika wao wa zamani na kuanza tena kutoka ngazi ya kwanza. Mwezi Januari 2024, NCSoft iliipa Homecoming leseni rasmi ya kuuendesha mchezo huo. Mashabiki walikuwa wamepewa kwa maandishi ruhusa ya kuitunza kazi ambayo walikuwa wameshaitunza kwa miaka mingi bila ruhusa.

Tukirejelea mizani ya Mulokozi, matini ilisalimika 2012, mahali pakarejea kwa Icon, hadhira ikarejea 2015, na tukio likarejea 2019. Fanani alikuwapo muda wote, ila hakuwa na pa kutendea. Jambo la sita, wakati, halikurejea wala haliwezi kurejea. Waliorudi 2019 walikuwa wameishi takriban miaka saba nje ya mji wao, na si wote waliokuwapo Novemba 2012 waliorudi. Mhusika anaweza kuundwa upya kwa jina lile lile na mavazi yale yale, lakini kikosi alichopigana nacho usiku fulani wa mwaka 2006 hakiundwi upya.

Sanduku Lililofungwa

Historia hii ina upande mwingine usiopaswa kufichwa. Msimbo uliowekwa wazi mwaka 2019 haukupatikana mwaka huo. Mwezi Aprili 2019 ilifichuliwa kwamba kundi dogo lilikuwa likiiendesha seva ya siri kwa takriban miaka sita, likiwaingiza waalikwa tu, huku jumuiya pana ikiamini kwamba mchezo umekufa. Habari hizo zilizua ghadhabu kubwa. Utetezi uliotolewa ni kwamba siri ilihitajika ili kampuni isichukue hatua za kisheria, na hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, kwani mwenye hakimiliki alikuwapo na alikuwa na uwezo wa kushtaki.

Hata hivyo, uhifadhi wa siri una hatari yake. Kilichowekwa katika sanduku moja huishi maisha ya sanduku hilo. Lau seva ile ingeharibika, au watunzaji wake wangetawanyika, mchezo ungekufa mara ya pili bila mtu kujua kwamba ulikuwa hai. Zaidi ya hayo, kwa miaka hiyo yote kilichohifadhiwa hakikuwafaa wale waliokililia. Mhifadhi anayeificha kazi kwa wenyewe ameiokoa kutokana na moto, lakini hajairudisha nyumbani.

Funzo kwa Mwanafunzi wa Fasihi ya Kiswahili

Mambo haya si mageni katika fasihi yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla ya mmisionari Mwingereza William Taylor kuzikusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na hatimaye William Hichens kuzichapisha mwaka 1940. Zilisalimika kwanza kwa sababu palikuwapo hadhira iliyoendelea kuzikariri. Pili, alikuwapo Mwalimu Sikujua, Mswahili aliyezijua tungo pamoja na mazingira yaliyozizaa. Beti zinazogusa siasa za Mombasa ya Wamazrui na uhasama wao na Seyyid Said zingesomeka leo bila maelezo, lakini nyingi zisingeeleweka.

Mwanafunzi anayetoka chuoni kwenda nyanjani akiwa na kinasasauti hana budi kujiuliza anahifadhi lipi kati ya yale sita. Akirudi na maneno pekee, ameleta wasifu wa mhusika. Akirudi na picha za uwanja uliokwisha hamwa, ameleta mji wa Icon. Inampasa aandike pia nani aliitikia, nani alicheka, nani aliinuka akaondoka, na kwa nini wimbo ule uliimbwa siku ile wala si nyingine. Muhimu zaidi, anapaswa kuacha nakala kwa wale aliowarekodi, ili alichokusanya kisigeuke seva ya siri ndani ya kabati la idara.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha, kwa mfano wa City of Heroes, kwamba uhifadhi wa matini ni hatua ya kwanza tu ya uhifadhi wa fasihi inayotendwa. Jumuiya iliyokuwa na maandishi yake yote bado ilijiona imefiwa, na matanga yake hayakuisha hadi fanani, hadhira, mahali na tukio vilipokutana tena.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jumuiya ya Paragon City ilikuwa na daftari, tena lililoandikwa kwa uangalifu, na hilo ndilo lililowawezesha kujua hasa walichopoteza. Lakini daftari halikuwa mali yenyewe. Mali ilikuwa ni kule kukutana, na kwa sehemu ile iliyopotea pamoja na wakati wake, daftari ndilo pekee lililobaki kueleza kwamba iliwahi kuwapo.