Kpandroma kwa Darubini: Mwongozo wa Msafiri Kijana Anayetaka Kumjua Pengwini

Pengwini, ambaye wengine humwita ngwini, haishi Kpandroma. Mtoto wa huku Ituri, mashariki mwa Kongo, humwona kitabuni au kwenye simu ya mkubwa wake: mgongo mweusi, tumbo jeupe, mabawa mafupi kama makasia, anatembea akiyumba kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji. Kisha anauliza: huyu asiyeruka, ashindaye majini kama samaki, ni ndege kweli?

Swali hilo linajibika hapa hapa nyumbani. Sokoni Kpandroma, angani juu ya mashamba yake na chini kwenye Ziwa Albert kuna ndege wa kutosha kukuonyesha pengwini anafanana nao wapi na ameachana nao wapi. Mwongozo huu ni wa kijana anayesafiri na mzazi au mwalimu wake. Beba daftari.

Kufika na kujiandaa

Kpandroma ni kituo cha biashara katika wilaya ya Djugu, kaskazini mwa Bunia, kwenye nyanda za juu. Rethy, yenye hospitali inayojulikana, ni jirani yake. Asubuhi kuna ukungu na usiku baridi inauma, kwa hiyo anayetoka kwenye joto la Bunia au la ziwani abebe sweta na koti la mvua. Barabara ni ya udongo. Mvua ikinyesha, matope hushika gari na pikipiki pia. Miezi ya Desemba hadi Februari huwa mikavu zaidi, na ndiyo mizuri kwa safari.

Usalama utangulie yote. Djugu imeumia sana kwa mapigano tangu mwisho wa 2017, na Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Usiondoke Bunia kabla ya kuuliza hali ya njia kwa watu wanaoipita kila siku: madereva, wachuuzi, viongozi wa makanisa. Barabara iliyokuwa shwari juzi huenda leo isipitike. Wakikwambia ngoja, ngoja. Tembea mchana tu, na vitambulisho viwe karibu.

Darubini nayo ina adabu yake. Mtu asiyekujua akikuona unachungulia vilima kwa darubini atakuwa na maswali, na ana haki. Ukifika, nenda kwanza kwa chefu wa eneo, msalimie, mweleze kwamba mmekuja kutazama ndege, na mwache mtoto amwonyeshe daftari lake. Usielekeze darubini wala kamera kwa askari, kwenye vizuizi au kwenye kambi za waliokimbia vita. Watu hao wamepoteza nyumba zao, na hawako pale kutazamwa.

Kituo cha kwanza: sokoni, kwenye sahani ya kuku

Somo la kwanza linaanza wakati wa kula. Agiza kuku wa kienyeji kwa fufu na sombe, ule ushibe, kisha usitupe mifupa. Chagua miwili: mfupa wa bawa ulio karibu na bega, na mfupa wa paja la chini. Mkubwa wako aivunje, maana vipande vyake vina ncha kali.

Mfupa wa mguu una uboho ndani. Ule wa bawa ni mtupu kama mwanzi, na karibu na ncha zake utaona vijiti vyembamba vinavyoushikilia usipondeke. Uwazi huo una hewa, na wakati kuku yu hai umeungana na njia zake za kupumulia. Ndege wengi wamejengwa hivyo ili wawe wepesi. Hata kuku, ambaye mwisho wa kuruka kwake ni juu ya ua au kwenye tawi la kulalia, bado ana mfupa wa mrukaji.

Mfupa kama huo kwa pengwini umejaa, ni mzito. Kwa anayeruka uzito ni mzigo. Kwa anayezama uzito ni msaada, kwa sababu mwili mwepesi unasukumwa juu na maji kama chupa tupu iliyofungwa.

Sasa tazama kidari. Katikati yake kuna mfupa uliosimama kama mkuku wa jahazi, na nyama nene ya kidari hushikamana nao. Nyama hiyo ndiyo injini ya mabawa. Mbuni, ambaye haruki wala haogelei kwa mabawa, hana mkuku huo. Kidari chake ni bapa. Pengwini anao. Ameacha kuruka angani, lakini hakuacha kupiga mabawa. Anayapiga ndani ya maji, kwa nguvu, na anasonga kama ndege wengine wanavyosonga hewani.

Kabla ya kunawa mikono, omba unyoya mmoja mkubwa wa kuku na mwingine wa bata. Dondoshea kila mmoja tone la maji, uone linavyosimama kama shanga. Pengwini ana manyoya mafupi, magumu, yaliyobanana na kulaliana kama vigae vya paa. Maji ya baridi hayafiki kwenye ngozi, na chini ya ngozi kuna mafuta mazito ya kumtunzia joto.

Manyoya hayo pia ndiyo jibu la lile swali la mwanzo. Jioni ya Kpandroma utawaona popo wakizunguka juu ya miti. Popo anaruka vizuri sana, lakini ana nywele, anazaa na kunyonyesha. Si ndege. Pengwini haruki, lakini ana manyoya, ana mdomo usio na meno, anataga yai na kuliatamia. Ni ndege, na hajapungukiwa na kitu.

Kituo cha pili: juu ya mashamba

Asubuhi na mapema tembea kando ya mashamba ya viazi, maharage na kabichi. Tazama juu kwanza. Mwewe hutandaza mabawa marefu na kupanda na hewa ya joto bila kuyapiga. Mbayuwayu hupita chini chini akikamata wadudu. Baadhi ya mbayuwayu unaowaona kati ya Oktoba na Machi wametoka Ulaya, wamevuka Sahara, na kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi.

Pengwini mkubwa kuliko wote, aitwaye pengwini mfalme-mkuu, hufika kilo 40. Ni uzito wa mbayuwayu 2,000. Anaishi Antaktika, na dume hubeba yai moja juu ya miguu yake, amelifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo, kwa siku 65 hivi bila kula. Kuku wa sokoni huacha mayai kidogo akadonoe na kunywa maji. Yule dume akiliacha yai lake juu ya barafu kwa muda mfupi tu, linaganda.

Hapa watoto wengi hudhani kwamba pengwini anapenda barafu tu, na ndiyo sababu hayuko kwetu. Si kweli. Kuna aina 18 hivi za pengwini, na nyingi hazigusi barafu. Kpandroma iko karibu na ikweta, na visiwa vya Galápagos vya Ekwado viko kwenye ikweta yenyewe, lakini vina pengwini. Afrika nayo ina pengwini wake, kwenye pwani za Afrika Kusini na Namibia. Ukifika Cape Town utawaona ufukweni Boulders, wakilia kama punda. Kinachowaunganisha ni mikondo ya maji baridi ya bahari yenye samaki wengi. Pengwini hufuata chakula hicho.

Kituo cha tatu: ziwani

Njia ikiwa salama, shuka ziwani. Kutoka nyanda za juu mnateremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa zaidi ya mita 1,000 hadi Ziwa Albert, lililo mita 619 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa wanaotoka Kpandroma kuna Mahagi-Port. Kwa wanaorudi Bunia kuna Tchomia na Kasenyi. Sweta mnalivua njiani.

Ufukweni mtafute mnandi, ndege mweusi mwenye mdomo wenye ncha iliyopinda. Huyu ndiye atakayekufundisha zaidi. Anazama kumfukuza samaki, kisha anatoka na kusimama juu ya nguzo au ukingo wa mtumbwi akiwa ametandaza mabawa kama shati kwenye kamba. Anayakausha. Manyoya yake yanalowa, na kulowa huko kunamsaidia kuzama, lakini hawezi kukaa majini kutwa. Chini ya maji hufunga mabawa na kusukuma kwa miguu yenye utando. Pengwini hufanya kinyume: husukuma kwa mabawa, na miguu iliyo nyuma kabisa ya mwili humsaidia kupinda. Ndiyo maana nchi kavu anasimama wima na kutembea kwa taabu.

Mnandi amebaki katikati, anaruka na anazama, kila kimoja kwa kiasi. Pengwini alichagua kimoja. Ziwa Albert, hata penye kina kikubwa, halifiki mita 60. Pengwini mfalme-mkuu ameshuka zaidi ya mita 500 baharini.

Juu ya maji mtamwona mdiria mweusi na mweupe akipiga mabawa bila kusogea, kichwa kimetulia, kisha anajitupa kama jiwe na kutoka na kidagaa. Kuzama kwake ni kwa nguvu ya kuanguka, nguvu hiyo ikiisha anaibuka. Hawezi kumfukuza samaki chini.

Malizia kwa wauza samaki. Omba kumtazama kapiteni mzima, yule ambaye watu wa Ziwa Victoria humwita sangara. Mgongo wake una giza, tumbo lina weupe. Anayemtazama kutoka juu anauona mgongo ukichanganyika na maji ya giza. Anayemtazama kutoka chini analiona tumbo likichanganyika na mwanga. Umbali wa bahari na mabara, pengwini amevaa vazi hilo hilo kwa sababu hiyo hiyo.

Mkiwa na hati za kuvuka mpaka, kutoka Mahagi mnaweza kuingia Uganda kwa Goli, mpitie Nebbi na Pakwach hadi Hifadhi ya Murchison Falls. Pale Nile inapoingia Ziwa Albert anaishi korongo-nyangumi, mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayeweza kusimama kwenye mafunjo muda mrefu bila kutikisika akimngoja kambare-mamba. Pengwini humkimbiza samaki, yeye humsubiri.

Usisahau haya

Usiokote ndege au mnyama aliyekufa, na nawa mikono baada ya kushika manyoya. Usitupe jiwe kwenye kiota. Nunua chakula na maji kwa wenyeji na ulipe bei ya haki. Kwenye daftari andika tarehe, mahali, mti aliotua ndege, alichokula na namna alivyosogea. Jina unaweza kulitafuta baadaye. Alichokifanya usipokiandika saa ile kinapotea.

Andika kwa makini, maana nyanda hizi zina deni. Katika misitu ya mlima ya huku walikusanywa, miaka ya 1940, ndege wachache wadogo wenye mkia mfupi mno, ukubwa wa kukaa kiganjani. Waliitwa kwa jina la James Chapin, mtaalamu Mmarekani ambaye mwaka 1913, huko Avakubi, katika msitu wa Ituri, aliona kwenye kofia unyoya asioujua, na mwaka 1936 akatambua kwamba ni wa tausi wa Kongo. Yule mdogo hajulikani kutoka mahali pengine popote duniani, na tangu miaka ile wataalamu wanamtafuta. Msitu wake umekatwa sana kwa mashamba na kuni.

Pengwini wa Afrika naye mwaka 2024 aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hasa kwa kukosa samaki. Mwili uliojengwa kwa bahari ile hauwezi kuhamia shambani, kama vile ndege wa msitu wa mlima asivyoweza kuhamia kwenye kabichi. Ukiona kijisitu kilichobaki bondeni, ingia polepole na mwenyeji wako, kaa kimya robo saa, tazama matawi ya chini. Ukiona kandege kadogo kama kamekatwa mkia, kachore kabla ya kukaonyesha kwa kidole.