Kabla Hujapiga Windows, Chambua Mafaili Yako

Hapa Katoro, mkoani Geita, kompyuta ikianza kujivuta ushauri ni mmoja tu: ipelekwe ikapigwe Windows. Fundi anafuta kilichomo, anaweka Windows upya, na jioni mashine inarudi nyumbani ikiwa nyepesi. Mwalimu mmoja, jirani yangu, aliipeleka ya kwake wakati wa likizo ya Juni. Ilirudi nyepesi kweli. Lakini maazimio ya kazi ya miaka minne, mitihani aliyoitunga mwenyewe na picha za marehemu mama yake havikurudi. Hakuna aliyemuuliza nini kibaki, na yeye hakujua kwamba kupiga Windows kunaweza kuondoka na kila kitu.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaibeba yako kwenda kwa fundi, kaa nayo usiku mmoja uichambue mwenyewe.

Watu wa ukanda huu wa dhahabu hawahitaji kufundishwa kuchambua. Mchanga uliokwisha kuoshwa mwaloni haumwagwi ovyo. Unarundikwa, unaitwa marudio, na mwenye nao anausubirisha mpaka aje mwenye mtambo wa kuchenjua. Magwangala ya mgodi mkubwa wa Geita, mawe ambayo kwa mgodi ni mabaki, yamegombewa miaka mingi kwa sababu wananchi wanajua dhahabu haijaisha ndani yake. Kompyuta ya nyumbani ichukulie vivyo hivyo: ni rundo ambalo ndani yake kuna kifusi na kuna dhahabu, na ukimwaga bila kuangalia utamwaga vyote.

Anza kwa kutoa nakala, kabla hujafuta hata faili moja. Nunua flashi ya gigabaiti 32 au 64, au diski ya nje kama una uwezo. Weka humo vile ambavyo vikipotea huwezi kuvipata tena: picha za familia, vyeti vya shule ulivyoskani, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha NIDA, karatasi za kiwanja, na kama ni mchimbaji mdogo, leseni yako na risiti za mauzo. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe mwaka 2019, risiti hizo si karatasi za kufungia karanga. Ukimaliza kunakili, chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine ufungue picha mbili tatu na barua moja. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa nakala.

Hapo kwenye flashi kuna balaa moja ambalo kila mwenye steshenari hapa analijua. Unachomeka flashi, unakuta folda zako zote zimegeuka vialama vidogo vyenye mshale, ukivibofya hakuna kitu. Wengi huamini mafaili yameliwa, basi wanaifomati flashi na kupoteza kila kitu kwa mikono yao wenyewe. Mara nyingi mafaili yamo, kirusi kimeyaficha tu. Kwanza ipitishe flashi kwenye programu ya kuua virusi. Kisha fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E, ubonyeze Enter na kusubiri. Nimeona mtu akilia kwa furaha folda ya picha za harusi yake ilipojitokeza upya.

Sasa tafuta uzito uko wapi. Fungua This PC, bofya diski C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties. Mimi hupenda sehemu moja ya tano ya C ibaki tupu, kwa sababu Windows yenyewe inahitaji nafasi ya kufanyia kazi zake. Ikibaki kidogo sana, mashine inaanza kuganda. Kompyuta nyingi za mtumba tunazouziwa zimegawanywa C na D, na mara nyingi nakuta C imejaa hadi mstari umekuwa mwekundu huku D haijaguswa. Sababu ni kwamba vyote unavyovipanga kwenye Desktop na vyote unavyovipakua kwenye Downloads huwa viko C. Kuhamishia D folda ya muvi peke yake kunaweza kuipa C pumzi bila kufuta chochote.

Usipoteze usiku wako kufuta barua. Barua ya kawaida ya Word ina kilobaiti 50 hivi. Muvi moja iliyotafsiriwa inafika gigabaiti 1. Kwa nafasi ya muvi hiyo moja ungeweza kuhifadhi barua zaidi ya 20,000. Nimemwona mtu akifuta barua za kikundi chao cha kuweka na kukopa ili apate nafasi, huku tamthilia ya Kikorea aliyokwisha kuiangalia mara mbili imelala pembeni. Ingia diski C, kwenye kisanduku cha kutafutia kilichoko juu kulia andika size:>500MB, na mashine itakuletea mizigo mikubwa peke yake. Hapo utaona muvi, video za sherehe zilizorudiwa mara tatu, na programu ulizopakua ukazisimika kisha ukayaacha mafaili ya kusimikia. Hiyo ndiyo ya kufuta kwanza, na kwa kawaida haizidi mafaili 30.

Baada ya hapo kuna taka ambayo hukuiweka wewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, chagua yote ufute. Itakayokataa iache, inatumika. Kisha tafuta Disk Cleanup, chagua C, halafu bonyeza Clean up system files. Ukiona Previous Windows installations, hayo ni mabaki ya Windows iliyotangulia, na huweza kuwa gigabaiti 10 au zaidi. Ila hakikisha kwanza huna faili lako humo, kwenye folda iitwayo Windows.old. Na soma orodha kabla ya kutia tiki. Kuna matoleo ya Windows 10 ambayo yaliorodhesha Downloads pamoja na takataka nyingine, na Downloads ndiko watu wengi wanakoweka matokeo ya watoto na fomu za kujiunga. Recycle Bin imwage mwisho wa yote, baada ya kuipitia. Folda za Windows na Program Files usiziguse kwa mkono kabisa. Programu usiyoitaka iondoe kupitia Settings, sehemu ya Apps.

Matangazo yatakuambia upakue programu ya kusafisha. Sishauri. Mwaka 2017 hata CCleaner, programu iliyokuwa inaaminiwa dunia nzima, ilisambazwa ikiwa imepachikwa kirusi katika toleo lake la 5.33, na zaidi ya kompyuta milioni 2 ziliipokea. Vifaa vilivyomo ndani ya Windows vinatosha, na havili bando.

Kuna mafaili mengine ambayo ni wajibu kuyafuta. Kompyuta ya nyumbani hapa kwetu ni nusu steshenari: jirani anakuja na flashi umtolee kopi ya kitambulisho, binamu anaskani cheti, kijana anajaza maombi ya kazi. Wanaondoka, nakala zinabaki. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, lakini hata bila sheria, namba ya NIDA ya jirani haina sababu ya kukaa kwako mwaka mzima. Futa na uiondoe kwenye Recycle Bin. Na siku ukiiuza kompyuta, jua kwamba faili lililofutwa kawaida linaweza kufufuliwa. Tumia Reset this PC, uchague kufuta kila kitu na kusafisha diski.

Ikiwa umefanya yote, C ina nafasi tele, na mashine bado inajivuta, basi tatizo si mafaili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Startup, uzime zile programu zinazojiwasha zenyewe kila ukiwasha mashine, ila ya kuua virusi iache. Mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya zamani inayozunguka itaendelea kuchoka. Kubadili diski hiyo kuwa SSD kunaleta nafuu kubwa kuliko kufuta muvi 100. SSD usiifanyie defragment ya kila mara kama tulivyozoea kwa diski za zamani. Na kiangazi, vumbi la barabarani linaziba feni, mashine inapata moto na kujipunguza kasi yenyewe. Mwombe fundi aipulizie, na mwambie kwa maneno yanayosikika kwamba mafaili yasiguswe.

Kazi hii ifanye siku umeme umetulia. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usianze kuhamisha folda kubwa wakati mawingu yamefunga upande wa ziwa. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, faili linaweza kubaki nusu huku na nusu kule. Nakili kwanza, hakiki, ndipo ufute ya awali.

Yule mwalimu alipata baadhi ya picha za mama yake kwenye simu za ndugu zake, waliomtumia moja moja kwa WhatsApp. Sasa ana flashi mbili. Moja iko kabatini kwake, ya pili inakaa kwa dada yake Buseresere, na kila likizo anaifuata kuiongezea yaliyo mapya.