SOMO LA BARABARA: LAMI KUUKUU SI KIFUSI

Watumishi na wananchi wanaelezwa kwamba lami inayong'olewa barabarani wakati wa matengenezo makubwa haistahili kutupwa. Kwa uzito, takriban asilimia 95 yake ni kokoto. Lami yenyewe ni kama asilimia 5 tu. Kinachochakaa kwa jua na hewa ni hiyo lami, si kokoto.

Tuchukue mfano wa Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoani Mara. Barabara kuu ya lami hutoka Sirari, mpakani na Kenya, hupita Tarime, huvuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi na kufika Makutano. Njia nyingi za vijijini ni za changarawe au udongo. Kwenye miinuko ya Tarime mvua huichukua changarawe. Kwenye mbuga za Serengeti udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mkulima wa ndizi anaijua hasara hiyo kuliko mhandisi. (Unguja nako, ambako mawe mengi ni ya matumbawe, kokoto ngumu ni haba.)

Lami kuukuu husagwa, huchanganywa na changarawe, na pengine saruji kidogo, hutiwa maji kwa kipimo, kisha hushindiliwa. Haihitaji kuchemshwa.

Upanuzi ndio wenye makosa mengi. Haifai kumwaga mchanganyiko huo pembeni juu ya nyasi. Sharti udongo wenye mizizi uondolewe, na ukingo wa zamani ukatwe kwa ngazi ili tabaka jipya lishikane na la zamani. Aidha, maungio yasikae mahali magurudumu yanapopita. Mtaro nao usogezwe kwanza, kwani ukifukiwa, maji yatabaki chini ya barabara na kuilegeza.

Liko jambo la utawala pia. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000. Za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Hivyo lami hung'olewa kwa mmoja na kuhitajika kwa mwingine. Makabidhiano, pamoja na mahali pa kuihifadhi, hayana budi kuandikwa katika mkataba kabla kazi haijaanza. Mkandarasi akishaondoka, rundo huwa limekwisha kufukiwa shimoni.