UTULIVU WA MTU NA BREKI YA MOYO

Utangulizi

Katika lugha yetu, mtu asiyekasirika upesi husifiwa kuwa ana subira. Asiye hivyo husemwa kuwa ana hamaki, na huonywa kwa methali kwamba hasira hasara. Wengi hudhani kwamba tofauti baina ya watu hawa wawili ni ya maumbile tu: mmoja kazaliwa mpole, mwingine kazaliwa mkali. Fiziolojia, yaani elimu ya utendaji kazi wa mwili, inatufundisha zaidi ya hayo. Utulivu ni kazi inayofanywa na viungo vya mwili. Una mishipa yake ya fahamu na kemikali zake, na sehemu moja ya kazi hiyo mtu anaweza kuiongoza mwenyewe akijizoeza.

Makala haya yataeleza kazi hiyo, kisha yatatoa jaribio linaloweza kufanywa darasani bila ya kifaa chochote isipokuwa saa yenye mshale wa sekunde.

Mwili unapotishika

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyejiandaa vizuri. Anafunua karatasi ya mtihani, anasoma swali la kwanza, na halielewi. Mara moyo unamwenda mbio, viganja vinatoka jasho, kinywa kinakauka, na yale aliyoyasoma jana hayamjii tena. Karatasi haiwezi kumdhuru; hata hivyo mwili wake umefanya yale yale ambayo ungefanya kama angekutana na chui njiani.

Ubongo utambuapo hatari, hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu ya kundi liitwalo simpathetiki. Mishipa hii haingoji amri ya hiari. Huongeza kasi ya moyo, hupanua njia za hewa mapafuni na mboni za macho, na hupunguza kazi ya tumbo na utumbo. Wakati huo huo tezi mbili za adrenali, zilizokaa juu ya mafigo, humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Sukari iliyowekwa akiba ndani ya ini hutolewa ili misuli ipate nguvu ya kupigana au kukimbia.

Mmoja wa wataalamu waliolichunguza jambo hili ni Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1911, yeye na mwenzake walichukua damu ya paka aliyetulia, na tena damu ya paka huyo baada ya kubwekewa na mbwa. Damu ya paka aliyetishwa ilipowekwa juu ya kipande cha msuli wa utumbo, msuli ulilegea, kama unavyolegezwa na adrenalini. Damu ya utulivu haikuulegeza. Hivyo ilidhihirika kwamba hofu si wazo tu kichwani, bali huingia katika damu.

Adrenalini haidumu, kiasi kikubwa chake huondoka katika damu kwa muda wa dakika chache. Homoni nyingine ya tezi hizo hizo, iitwayo kotisoli, huenda polepole zaidi: hufikia kilele chake kiasi cha dakika 20 hadi 30 baada ya tishio kuanza. Kwa sababu hiyo mtu aliyegombana na jirani anaweza kuwa bado hajatulia hata baada ya ugomvi wenyewe kwisha.

Breki ya moyo

Moyo una seli maalumu zinazoanzisha mapigo. Kama seli hizi zingeachwa bila ya kuongozwa na mshipa wowote wa fahamu, moyo wa kijana ungepiga mara 100 au zaidi kwa dakika. Lakini mtu aliyepumzika aghalabu huwa na mapigo 60 hadi 80 tu. Ni nini kinachouzuia moyo?

Kizuizi hicho ni mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Mshipa huu hutoka katika shina la ubongo, hupita shingoni, na kufika moyoni, mapafuni na tumboni. Mtu aliyetulia, basi, ni mfano wa gari linaloteremka mlima huku dereva amekanyaga breki: mwendo ni wa polepole kwa sababu kuna kitu kinachouzuia, wala si kwa sababu hakuna nguvu.

Namna breki hii inavyofanya kazi ilionyeshwa mwaka 1921 na Otto Loewi, mjini Graz, nchini Austria. Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura. Alipousisimua kwa umeme mshipa wa vagasi wa moyo wa kwanza, moyo huo ulipunguza mwendo. Kisha alichukua maji yaliyokuwa ndani ya moyo huo akayatia katika moyo wa pili, ambao haukusisimuliwa kabisa. Nao ukapunguza mwendo! Ikawa wazi kwamba mshipa hutoa kemikali, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa ni asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Hatuwezi kuuamuru mshipa wa vagasi kama tunavyouamuru mkono. Lakini kupumua ni kazi ya namna mbili: huendelea yenyewe hata usingizini, na pia hutii hiari. Tuvutapo pumzi, nguvu ya vagasi juu ya moyo hupungua na mapigo huongezeka kidogo. Tutoapo pumzi, nguvu hiyo hurudi na mapigo hupungua. Kwa hiyo mwenye kurefusha utoaji wa pumzi huipa breki nafasi ya kufanya kazi.

Jaribio

1. Wanafunzi wakae wawili wawili na wapumzike kwa dakika tano. Mmoja ahesabu mapigo ya mwenzake kwa dakika moja, kwa kuweka vidole viwili juu ya mshipa wa damu penye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Kidole gumba kisitumike kuhesabia, kwa maana kina mapigo yake chenyewe.

2. Anayepimwa atoe 7 kutoka 500, kisha 7 tena, na kuendelea hivyo kwa sauti na kwa haraka kwa dakika moja, huku mwenzake akihesabu mapigo.

3. Sasa nusu ya waliopimwa wakae kimya na kupumua kama kawaida. Nusu nyingine wavute pumzi kwa pua kwa hesabu ya sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6. Hizi ni pumzi 6 kwa dakika, ambapo kawaida ni 12 hadi 20. Baada ya dakika mbili, wote wapimwe tena huku kila kundi likiendelea kupumua vile vile.

4. Tafuteni wastani wa kila kundi katika kila hatua, na mchore grafu.

Mwalimu asimlazimishe mwanafunzi asiyependa kupimwa. Ikumbukwe pia kwamba mtu mmoja hathibitishi neno. Ndiyo maana tunatafuta wastani.

Matumizi ya kila siku

Mwanafunzi aliyeshtushwa na swali la kwanza aweke kalamu chini, atoe pumzi polepole mara sita, kisha atafute swali analoliweza. Dakika moja aliyoitumia si hasara. Lakini asiingoje siku ya mtihani ndipo ajaribu. Ajizoeze kila siku kwa dakika chache, kama ajizoezavyo kupiga mpira. Usingizi wa kutosha na mazoezi ya viungo ya mara kwa mara husaidia vile vile. Mazoezi hupunguza mapigo ya mtu apumzikapo.

Kwa mwalimu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanafunzi akimjibu kwa jeuri mbele ya darasa, dakika za mwanzo ni za adrenalini. Adhabu au tusi litolewalo katika dakika hizo laweza kubaki na mtoto kwa miaka mingi. Kuahirisha uamuzi mpaka kipindi kijacho si udhaifu.

Tahadhari

Kupumua polepole hakulipi karo wala hakuondoi dhuluma; humwezesha mtu kulikabili tatizo akiwa na akili timamu. Pumzi zisiwe nzito na za haraka, kwa sababu huondoa kaboni dayoksaidi nyingi mno katika damu, na kuleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Mtu ambaye moyo humwenda mbio mara kwa mara bila sababu, au asiyelala kwa wasiwasi, aende akamwone daktari.

Maswali

1. Kwa nini kinywa hukauka na tumbo huvurugika wakati wa hofu?
2. Eleza kwa nini Loewi alihitaji mioyo miwili wala si mmoja.
3. Katika jaribio letu, kundi lililopumua kama kawaida lina faida gani?
4. Kama wastani wa makundi mawili haukutofautiana, ungekata shauri gani, nawe ungebadilisha nini kabla ya kurudia jaribio?