SOMO LA KILIMO: Mbona Viazi Huungua kwa Baridi?

Mkulima wa Kinangop, umeyaona ya Januari: mchana jua kali, asubuhi majani ya viazi yameungua. Mbona?

Mchana jua hupasha udongo joto. Usiku joto hilo hupanda juu. Mawingu ni kama blanketi, hulizuia. Anga likiwa wazi na upepo umetulia, joto hupotea, umande huganda. Julai kuna mawingu, basi tofauti ya mchana na usiku ni ndogo.

Tena hewa baridi ni nzito, huteremka bondeni.

Fanya hivi:
1. Viazi vya kiangazi panda mteremkoni.
2. Jioni ukiona nyota tele na hakuna upepo, funika miche kwa nyasi kavu.
3. Asubuhi jua likipanda, funua.

Jadilini kikundini: Shamba gani huungua kwanza? Liko wapi?